Risala ya Mwenyekiti: Sasa Tukasome



Kwa miaka 10 tumeweka akiba, tumekopeshana, na tumeshika shughuli za watu: harusi, kipaimara, maulidi, hata misiba. Kupika tunajua, kupamba tunajua. Lakini ofisi moja ilitunyima kazi ya semina yao, eti hatuna cheti. Kazi ikaenda kwa wengine.

Akina mama, VETA ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, na siku hizi inampima hata mpishi aliyejifunzia jikoni kwa mama yake. Akifaulu anapewa cheti. Basi twendeni! Na yapo ya kujifunza: kuandika makisio ya gharama, kufunga mkataba kabla ya kununua mchele, kutoacha chakula kilichopikwa kikae nje bila moto zaidi ya saa 2.

Mgeni rasmi, leo hatuombi turubai wala viti. Tunaomba utuchangie ada. Nasi kila mwanachama ataongeza kidogo kila wiki kwa ajili ya mafunzo. Wahenga walisema mzoea punda hapandi farasi. Sisi farasi tunamtaka.