Rangi Mbele, Taa Nyuma: Kosa Letu kwa Gari ya Chama

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Baraka



Nimeombwa kuzungumza juu ya Land Rover. Najua wengi mlitazamia nilete picha ya gari inayong'aa. Picha iko, mtaiona. Lakini mbele ya picha nataka kuwaeleza kosa, kwa sababu kosa lile ni langu, na kwa sababu leo tunapaswa kukata shauri juu ya pesa iliyobaki.

Mnaijua gari yenyewe. Ni Land Rover Series III, ile ndefu ya 109, aina iliyotengenezwa Uingereza tangu 1971 mpaka 1985. Ilivuka ziwa kutoka Kigoma, sawa na wengi wetu tuliorudi kwa meli kuanzia 2005. Tuliinunua kwa michango yenu na msaada wa wafazili, ili ibebe wagonjwa na mama wajawazito kutoka vijiji vya milimani, na siku za soko ibebe mihogo na mchele, ipate pesa ya mafuta. Ilipofika ilikuwa mifupa tu. Vijana wetu, wale waliojifunza ufundi kambini Nyarugusu na Lugufu, wakasema: tuachieni, tutaifufua.

Na waliifufua. Hapa niwasifu kidogo, kwa sababu kazi ya bodi ya gari hii si kazi ya mchezo. Watu wengi wanafikiri Land Rover ni chuma yote. Hapana. Chasi ni chuma, lakini bodi sehemu kubwa ni aluminiamu, kwa sababu walipoanza kuzitengeneza, mwaka 1948, chuma ilikuwa haba Uingereza baada ya vita. Sasa, aluminiamu na chuma vikigusana na maji yakaingia katikati, aluminiamu inaliwa. Inageuka unga mweupe. Fundi mmoja wa zamani alikuwa ameziba matundu ya gari hii kwa vipande vya bati ya chuma. Ukiigusa bodi pembeni ya kile kiraka, kidole kinapita.

Vijana waliondoa viraka vyote. Walikata vipande vipya vya aluminiamu, wakavifunga kwa riveti, kwa sababu mashine za kuchomea tulizonazo hapa ni za chuma na haziwezi kazi ile. Kila mahali aluminiamu inapokutana na chuma waliweka mpira wa chubu ya pikipiki na rangi ya kuzuia kutu, vitu viwili visigusane. Na pale palipokunjika, walitumia akili ya watengeneza masufuria. Aluminiamu ukiigonga sana inakuwa ngumu na kupasuka. Inatakiwa kupashwa moto ilainike, lakini haibadiliki kuwa nyekundu kama chuma: ukingojea rangi, utaona imeyeyuka tayari. Basi unapaka sabuni ya kufulia juu yake, unapitisha moto taratibu. Sabuni ikigeuka nyeusi, toa moto, acha ipoe, kisha gonga. Ufundi huo haukuandikwa katika mradi wowote niliowahi kuutuma. Ulirudi pamoja nanyi.

Nyuma waliweka matao ya bomba na turubai, benchi upande mmoja, na upande mwingine nafasi ya kulaza machela. Mpaka hapo kazi ilikuwa nzuri.

Kosa langu lilianzia hapo. Wafazili walikuwa wanangojea ripoti yenye picha. Pesa ya awamu ile ilitosha kitu kimoja: kupaka rangi na kuandika jina la chama, ao kutengeneza nyaya na taa. Fundi wetu wa umeme, mzee wetu mmoja mnamjua, aliniambia: “Mukubwa, gari iko muzuri, lakini iko kipofu.” Mimi nikajibu kwamba taa zinawaka, nimeziona. Nikaweka sahihi, tukanunua rangi.

Usiku mmoja wa mvua tuliitwa kumchukua mama mjamzito huko juu. Tulipokuwa tunateremka, kwenye kona, pikipiki ikatoka mbele yetu. Yule kijana alinyanyua mkono kufunika macho, akatoka katika barabara, akaanguka mtaroni. Alivunjika mfupa wa bega. Tulimpakia naye. Hatukwenda mbali, taa zetu zikafifia kama mshumaa, na mtoto akazaliwa mule nyuma, muuguzi akishika simu kwa meno ili aone. Mama na mtoto ni wazima, Mungu asifiwe. Yule kijana yuko hapa leo. Nilipokwenda kumuona alisema neno moja tu: “Mulinipiga mwanga mu macho.”

Sikumuamini. Nilisema taa zetu ni hafifu, zitampiga nani? Ndipo mzee wetu wa umeme akatupeleka usiku mbele ya ukuta wa kanisa. Akawasha taa fupi. Wote tuliona: mwanga ulikuwa sawa upande wa kuume, lakini upande wa kushoto ulipanda juu.

Sababu ni rahisi. Tanzania wanaendesha kushoto, sisi Congo tunaendesha kuume. Kioo cha taa fupi kinachongwa ili mwanga upande kidogo upande wa pembeni ya barabara, umuonyeshe dereva watembea kwa miguu, na ushuke upande wa anayekuja. Taa zetu zilichongwa kwa barabara ya Kigoma. Hapa Fizi zinamurika pembeni hafifu, na zinamchoma macho anayekuja. Gari ilivuka ziwa, taa hazikuambiwa. Ninyi wenye gari zilizotoka upande ule, mkaangalie kioo cha taa zenu leo jioni. Taa nyingi za kushoto zina alama ya mshale mmoja. Ukisimama mbele ya gari, mshale unaelekea kuume kwako. Mshale wenye vichwa viwili ni wa taa inayoweza kurekebishwa kwa pande zote mbili. Kama huoni alama, tafuta ukuta na upime.

Basi kwa nini zilififia? Taa mbili fupi za wati 55 zinavuta zaidi ya ampea 9. Katika gari hizi za zamani, umeme wote huo unapita kwenye swichi ya dereva na nyaya nyembamba za miaka 40, halafu unarudi kwa njia ya bodi. Bodi yenyewe imeshaota ule unga mweupe. Umeme unachoka njiani. Na taa haisamehe: nguvu ya umeme ikipungua asilimia 10, mwanga unapungua karibu asilimia 30. Dawa yake si balbu kubwa. Dawa ni waya mnene kutoka kwa betri, rilei iliyo karibu na taa ili swichi itoe amri tu bila kubeba mzigo, fuse kwa kila njia, na waya wa kurudi wa pekee mpaka kwa betri, usitegemee bodi.

Sasa nageukia vijana wetu. Wameleta ombi: taa nne juu ya paa, bampa ya kung'aa, na balbu za LED katika taa za mbele. Siwacheki. Uzuri una faida. Watu wanaitambua gari ya chama toka mbali, na wenye gari wawili wameshaleta zao kutengenezwa bodi kwetu, sababu waliona hii. Lakini tupige hesabu pamoja. Taa nne za wati 55 ni ampea 18. Ongeza taa ndefu, ampea 10. Ongeza taa za nyuma na waipa. Alternator ya gari hii inatoa ampea 34 inapozunguka kwa kasi, na katika matope kule juu hatuendi kwa kasi. Betri italipa deni, na usiku ule utarudi. Halafu balbu ya LED ukiiweka katika kioo kilichotengenezwa kwa balbu ya kawaida, mwanga unatawanyika. Yule ndugu yetu wa pikipiki atafunika macho tena.

Kwa hiyo naomba mkutano ukubali mpango huu. Kwanza, vioo viwili vya taa vya kuendesha kuume, pamoja na nyaya, rilei na fuse. Taa hizi za mviringo za inchi 7 zinapatikana, hata kama tutaagiza Bujumbura. Pili, taa ndogo ya LED ndani, juu ya machela, yenye swichi yake, ili muuguzi asishike simu kwa meno. Hiyo inakula umeme kidogo sana. Tatu, taa nyekundu za nyuma na vibandiko vya kurudisha mwanga pande zote, tukikwama tuonekane. Nne, kulipa sehemu iliyobaki ya matibabu ya yule kijana. Pesa ikibaki baada ya hayo, vijana wachague pambo moja. Nitasaini bila kubishana.

Kwa wafazili wetu: picha mliyopokea ilikuwa ya kweli, lakini haikusema yote. Rangi ni nzuri, na chini ya rangi nyaya zilikuwa zimeoza. Safari ijayo nitatuma picha ya nyaya. Haitapendeza kuitazama, lakini njo ile mlilipia.

Na kwa mzee wetu wa umeme: ulisema, sikusikia. Tangu leo, naomba iandikwe katika kitabu cha chama kwamba gari haitoki usiku bila sahihi yako, na sahihi yangu ikae chini ya yako.

Sasa wale wenye maswali, na wale wenye hasira, mikono juu.