Mananasi Yaende Kiwandani kwa Zamu
(Maneno aliyosema Katibu mbele ya wanachama. Yameandikwa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa shambani siku ile.)

Nina jambo moja tu: kiwanda cha matunda kinataka nini kwetu, na kwa nini mpaka leo hatujakitosheleza.

Kiwanda si kama muuzaji wa gengeni. Yeye akikosa nanasi leo atauza machungwa. Kiwanda kina boila inayokula mafuta, kina watu wa zamu wanaolipwa, kina mapipa yanayongoja rojo. Kikikosa mali siku tatu, ni hasara. Kikiletewa mali ya wiki mbili kwa siku moja, nacho kina kiasi chake cha kukamua, zinazobaki zinaozea getini.

Sasa tujitazame. Ikifika Desemba, sisi wa Kiwangwa, Msata na Fukayosi tunakata wote kwa pamoja, na maembe nayo yameiva pwani nzima. Mashine ikitoka kwenye embe kwenda kwenye nanasi lazima isimame, ioshwe. Gari zinapanga foleni, nanasi linachacha juani, na dalali akituona tumekwama anataja bei aipendayo. Halafu Januari watoto wanataka sare na madaftari.

Msione ni jambo dogo. Nchi hii ilikwisha kuliona kwenye korosho. Msimu wa 1973/74 zilivunwa kiasi cha tani 145,000. Vikajengwa viwanda 12 vya kubangua, kimojawapo hapa mkoani kwetu, Kibaha. Lakini korosho zikawa zinapungua, na msimu wa 1986/87 hazikufika hata tani 20,000. Mashine zipo, mali hakuna. Majengo mengine yakageuka maghala.

Lakini nanasi lina heri ambayo korosho haina: mkulima anaweza kulipangia lini lizae. Wakulima wa visiwa vya Azores, kule Ureno, waliligundua hili zamani, karne ya 19, kwa moshi tu. Moshi uliingia kwenye vibanda vya mananasi, mimea ikatoa maua kwa pamoja. Siku hizi ipo dawa ya kuchochea maua, na wengine hutumia kabaidi, ile ya mafundi wa kuchomelea, iliyoyeyushwa katika maji. Unamimina kidogo katikati ya mmea, alfajiri au usiku, jua likiwa halipo. (Kabaidi ikikutana na maji inatoa gesi inayowaka. Wavuta sigara wakae mbali, jamani.) Maua yataonekana baada ya miezi miwili hivi, na nanasi utakata baada ya miezi mitano hadi sita tangu siku ya dawa.

Wako wanaosema nanasi la dawa ni dogo. Ni dogo ukiuwahi mmea ungali mdogo. Ngoja ufike mwaka hivi, uwe na majani yasiyopungua 30, ndipo uweke.

Hesabu yenyewe ni hii. Tuseme fuso moja inabeba tani 7, na tunapeleka fuso mbili kwa wiki. Nanasi likiwa kilo moja na nusu, hizo ni kama mananasi 9,300. Hakuna mtu mmoja hapa wa kuyatoa. Lakini watu 31, kila mmoja akitoa 300 kwa wiki, gari zimejaa. Kwa hiyo dawa nayo iwekwe mimea 300 kila wiki, wala si shamba zima siku moja kwa sababu umeazima bomba la jirani.

Na tusikate mabichi ili kuwahi gari. Nanasi likishakatwa haliongezi utamu, hata rangi ikibadilika. Kiwandani wanapima sukari kwa tone la maji yake, na gari zima linaweza kurudishwa.

Kuna la mwisho, nalo ndilo gumu. Ramadhani ikifika, matunda ya futari yanatakiwa sana, na mnunuzi wa barabarani anapandisha bei. Hapo ndipo wenzetu huuza kwake, na fuso ikaondoka nusu. Mimi siwalaumu, fedha ni fedha. Ila naona tusiahidi kiwanda mali yote. Theluthi moja ibaki mkononi mwa mkulima, auze anakotaka. Theluthi mbili zikiandikwa, zitoke. Na kwa kuwa Ramadhani hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka, kalenda yetu nayo isogezwe kila mwaka.

Daftari liko kwa mtunza ghala. Andikisha idadi ya mimea iliyokomaa na wiki utakayoweka dawa. Mpaka jana jioni, wiki mbili za mwanzo wa Agosti hazina mtu hata mmoja. Anayezitaka aweke dawa mwezi wa pili.