Elmu za Uholanzi na Miarobaini ya Miyuji

Ukiwa Miyuji, hapa Dodoma, mwezi Septemba, jua la saa nane likichoma na upepo ukitimua vumbi, kivuli utakachokimbilia huenda kikawa cha mwarobaini. Mti huu ulitoka Bara Hindi, ukaipenda Dodoma na ukame wake. Huvumilia kiangazi cha miezi zaidi ya sita, na mchwa hawauhangaishi. Tangu chama cha TANU kilipoamua mwaka 1973 kuhamishia hapa makao makuu ya nchi, hadi kampeni ya kuikijanisha Dodoma iliyozinduliwa Mzakwe Desemba 2017, huo ndio mti tuliouegemea.

Sasa sikiliza yaliyowapata Waholanzi, nao walioegemea mti mmoja. Barabara na mifereji ya miji yao ilipambwa kwa safu za elmu, miti mirefu yenye kivuli kizito. Karibu na mwaka 1920 ikaanza kunyauka. Mtafiti kijana, Bea Schwarz, akaonyesha mwaka 1922 kwamba kinachoiua ni kuvu inayoziba mirija ya kupandisha maji. Wakubwa wa sayansi wakambishia. Mwanamke mwenzake, Christine Buisman, akathibitisha kuwa alisema kweli. Nawataja kwa heshima, maana bila wao kazi iliyofuata isingeanza.

Watafiti wakachagua elmu zilizostahimili ugonjwa, wakazichavusha kwa mkono, wakasubiri miaka hadi miche ikue ndipo waipime kwa kuiambukiza. Mwaka 1960 wakatoa chotara iitwayo Commelin. Ilihimili ugonjwa, miji ikaipanda. Muda si mrefu ikaja kuvu kali zaidi kutoka Amerika Kaskazini, ikasafiri ndani ya magogo, na Commelin nayo ikafa. Uingereza pekee ilipoteza elmu zaidi ya milioni 25. Watafiti wakaanza upya, wakitegemea damu ya elmu ya milima ya Himalaya.

Mwarobaini nao huugua. Miaka ya 1980, kandokando ya Ziwa Chad, wadudu gamba waliushambulia vibaya, na huko watu walikuwa wameupanda kila mahali kama sisi.

Wana Miyuji, msimu wa mvua ukifika na miche ikigawiwa, pandeni mwarobaini, lakini ombeni pia mkwaju na mgunga. Mtaa mmoja usiwe na mti wa aina moja.