Dawa za Zamani, Kazi Mpya: Mazungumzo Kuhusu Maambukizi Sugu kwa Watoto Wachanga



Bakteria wakiingia kwenye damu ya mtoto mchanga, hali hubadilika kwa saa chache. Asubuhi ananyonya vizuri. Jioni ameacha titi, amelegea, mwili unachemka au umekuwa baridi. Dalili ya ubaridi ndiyo hupuuzwa sana, kwa kuwa watu wamezoea kuhusisha ugonjwa na joto.

Hospitalini huanza sindano za penisilini au ampisilini pamoja na jentamaisini. Dawa hizi zimeokoa watoto wengi, na bado zinaokoa. Shida ni kwamba baadhi ya bakteria, hasa Klebsiella, wamejifunza kuzistahimili. Kati ya 2018 na 2020, utafiti mmoja ulifuatilia watoto wachanga wapatao 3,200 katika hospitali 19 za nchi 11, Kenya ikiwemo. Ulikuta madaktari wakitumia michanganyiko zaidi ya 200 ya dawa. Hesabu hiyo yenyewe inatisha: kila hospitali ilikuwa ikijitafutia njia.

Hapo ndipo matibabu mapya yanapoingia, ingawa hilo neno "mapya" lina utani ndani yake. Fosfomaisini iligunduliwa mwaka 1969, na flomoksefu ilitengenezwa Japani miaka ya 1980. Kwa kuwa hazijatumiwa sana huku kwetu, bakteria wengi hawajazizoea. Kule Kilifi, watafiti wa KEMRI na Wellcome walifanya utafiti kwa watoto wachanga 120, nusu yao wakiongezewa fosfomaisini juu ya matibabu ya kawaida, ili kujua usalama na kipimo chake. Sasa upo utafiti mkubwa zaidi, NeoSep1, ulioanza 2024 Afrika Kusini na Kenya, ukilenga watoto kama 3,000. Unalinganisha dawa hizo mbili, zikiunganishwa pamoja au kila moja na amikasini, na matibabu yanayotumika sasa. Mzazi huombwa idhini kwanza. Akikataa, mtoto wake hutibiwa kama kawaida.

Haya yote hufanyika wodini, kwa sindano. Hayapatikani kwenye kemisti, iwe River Road au pale stejini Kawangware. Kisheria, antibiotiki huuzwa kwa agizo la daktari, lakini kila mtu anajua jinsi zinavyouzwa. Halafu kuna ile chupa ya dawa iliyobaki kabatini, ya kaka yake mtoto, anayopewa kichanga "ajaribu kidogo". Kidogo hicho hakitoshi kuua bakteria. Kinatosha kuwafunza, na kinamla mtoto saa ambazo angekuwa tayari amewekewa sindano.

Mtoto akikataa kunyonya, akipata degedege, akipumua mbio au kifua kikibonyea ndani, akiwa moto au baridi kupita kawaida, au kitovu kikiwa chekundu na kutoa usaha, apelekwe mara moja kituo cha afya kilicho karibu. Mutuini, Mbagathi na Pumwani ni hospitali za kaunti. Njiani akae kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, afunikwe. Kijitabu cha mama na mtoto kibebwe, pamoja na chupa ya dawa yoyote aliyokwisha kupewa, hata kama ni tupu.