Mtoto Asiyetulia Si Mkaidi

Wazazi wetu wa Kaaleng, mtoto akisahau mtungi kisimani, au mbuzi wakimpotea, tunakimbilia fimbo. Hata sisi wahudumu tuliwahi kusema, "Mchapeni." Tulikosea. Wengine wana hali ambayo madaktari huiita ADHD. Si laana. Huanza utotoni, mara nyingi hurithiwa, na baba mwenyewe huenda anayo.

Basi mkae chini pamoja na mshauri: baba, mama, nyanya na mtoto. Kila mmoja aseme bila kukatizwa. Mkubaliane: agizo moja kwa wakati mmoja, na akitimiza, asifiwe papo hapo. Mazungumzo hayaondoi hali hiyo. Yanaondoa vita nyumbani. Ikizidi, mpelekeni hospitali Lodwar. Ni mbali, lakini mtoto ni wetu.