Jenereta na Mashine ya Kuchomelea Vyuma
Maneno yaliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Syokimau



Sisi tuliochaguliwa kulichunguza shauri la vijana twasimama mbele yenu kueleza tuliyoyaona. Shauri lenyewe mwalijua. Vijana watatu wa chama hiki, waliokwisha kujifunza ufundi wa vyuma, wameomba tuwanunulie jenereta na mashine ya kuchomelea, ili wafanye kazi katika kiwanja chetu ambacho nyaya za umeme hazijakifikia. Baadhi ya wazee wamesema waziwazi kwamba fedha za chama ni za misiba na karo, wala si za kuteketezwa kwa petroli. Na kwamba yafaa tungoje umeme. Neno hilo ni zito, nasi hatukulipita juu juu.

Mji wetu umechukua jina la Syokimau, yule mama nabii wa Wakamba, ambaye wazee husimulia kwamba aliona nyoka mrefu atokaye baharini akitema moto. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Hapa kwetu kituo cha abiria kilifunguliwa mwaka 2012, na stesheni kuu ya reli mpya ya Mombasa ikafunguliwa mwaka 2017. Nyumba zimeota kama uyoga baada ya mvua. Hata hivyo, mtu akiacha barabara na kuingia ndani kuelekea Katani, hakosi kuona viwanja vilivyozungushiwa ukuta, nyumba imefika kwenye linta, na nguzo ya umeme ingali mbali. Mwenye nyumba huyo anataka lango, anataka madirisha yenye vyuma, anataka mnara wa kuwekea tangi la maji. Nani atamfanyia?

Tuliwauliza mafundi wa kando ya barabara ambao umeme wanao. Wakatuambia jambo ambalo hatukulifikiria sana hapo kwanza: lango hutengenezwa karakanani, lakini bawaba zake huchomelewa pale pale kwenye nguzo za mteja. Udongo wetu mweusi hufura wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Nguzo husogea, na lango lililopimwa Jumatatu huenda lisiingie Ijumaa. Fundi asiyeweza kupeleka moto kwenye kiwanja cha mteja hulirudisha lango kwa lori, na faida yake huliwa na nauli. Kwa hiyo, wazee wetu, hata umeme ukitufikia mwakani, jenereta haitakuwa imepoteza kazi. Hilo ndilo lililotugeuza nia.

Lakini kununua jenereta ni jambo moja, na kununua jenereta itakayoweza kazi ni jambo lingine. Kijana mmoja wa mtaa wa pili alinunua jenereta ndogo ya kVA 2.5, akaiunganisha na mashine nzito ya transfoma, ya aina ile ambayo mafundi wetu wa jua kali huizungushia waya wenyewe. Kila alipogusisha rodi kwenye chuma, injini ililia na kukata pumzi, na rodi ikanata. Siku ya tatu moshi ulitoka ndani ya jenereta, na fedha za mkopo zikaenda nao. Hatukutaka fedha zenu za misiba zifuate njia hiyo, basi tukakaa chini na kalamu.

Hesabu yake haihitaji elimu kubwa. Rodi ya geji 12, yaani ya unene wa milimita 2.5, ambayo ndiyo ya madirisha na malango, hutaka ampea kama 80. Moto wenyewe hula volti kama 23. Zidisha, upate wati 1,840, yaani chini kidogo ya kilowati mbili. Hapo ndipo wengi hudanganyika, wakadhani jenereta ya kilowati mbili na nusu yatosha. Haitoshi. Mashine ya transfoma huvuta umeme mwingi usiogeuka kuwa moto, na jenereta haina budi kuubeba wote, kama mtu abebaye gunia la mahindi pamoja na magunzi yake: punje ndizo atakazokula, lakini shingo huumizwa na gunia zima. Umeme unaoingia katika mashine ya namna hiyo huhesabiwa kwa volti zake kabla ya kuwasha moto, ambazo aghalabu hukaribia 60, si kwa zile 23. Basi 80 mara 60 ni 4,800, karibu kVA 5, kwa rodi nyembamba tu. Kwa rodi ya geji 10, inayotaka ampea 120, yapita kVA 7.

Ipo mashine ya aina ya pili, iitwayo inveta, ambayo mtu huibeba kwa mkono mmoja kama sanduku la shule. Hiyo hupoteza kidogo zaidi. Kwa rodi ile ile ya geji 12 inataka kama kVA 3. Wazee watauliza: je, ni imara kama ile nzito? La, si imara hivyo. Ile ya transfoma ikianguka huinuliwa, na ikiungua huzungushiwa waya mpya Kamukunji au hata hapa Mlolongo. Inveta ina vipande vidogo vidogo vya kielektroniki visivyopenda vumbi wala umeme wa kupandapanda, na vikifa si kila fundi awezaye kuvifufua. Pamoja na hayo, kwa mtu anayekula petroli yake mwenyewe, sisi twaona inveta ndiyo ya kununua, kwa sababu tofauti ya bei ya jenereta peke yake yaweza kuilipia.

Kuna na jambo la mahali petu. Syokimau iko juu ya bahari kwa kadiri ya mita 1,600, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja katika sita. Injini ya petroli hupumua kama sisi; hewa ikipungua, nguvu hupungua. Maandishi yaliyo ubavuni mwa jenereta hayakuandikwa kwa ajili ya uwanda wetu, na mara nyingi hutaja nguvu ya kitambo kidogo, si ya kutwa nzima. Kwa hiyo jenereta ya kVA 5 sisi tumeihesabu kuwa ni ya 4. Kwa inveta yenye kutaka 3, inabaki akiba. Kwa transfoma, haifai.

Waya nao una hila yake. Jenereta ikiwekwa mita 50 kutoka kwenye kazi kwa waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, na mashine ikivuta ampea 20, volti kama 15 hupotea njiani. Mwembamba zaidi ni mbaya zaidi. Vijana wameambiwa waisogeze jenereta karibu na kazi, lakini isiwe karibu na cheche. Nao waya usiachwe umejikunja, maana hupata joto.

Jenereta huwashwa kwanza ikapashwa moto, ndipo mashine ichomekwe. Jioni mashine huzimwa kwanza, ndipo jenereta. Petroli isiachwe iishe katikati ya kazi, kwa kuwa injini inapokata hupandisha na kushusha umeme, na hiyo ndiyo sumu ya inveta. Tena, kwa kuwa injini yenye mzigo hunywa lita moja na nusu hadi mbili kwa saa, fundi mwenye akili hupima, hukata kwa msumeno wa mkono na kupanga vipande vyote injini ikiwa imezimwa, kisha huwasha na kuchomelea mfululizo. Tumeona wengine wakiiacha inguruma huku wakitafuta futi kamba.

Sasa twaomba mama zetu wasikilize hasa, maana ninyi ndio mnaolala karibu na vitu hivi. Moshi wa jenereta una kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Mtu hulegea, huumwa kichwa, husinzia, akafa. Jenereta haitaingizwa chumbani, wala stoo, wala chini ya dirisha, hata kama mvua inanyesha na wezi wanajulikana. Itajengewa kibanda kilicho wazi pande zote, na usiku itafungwa kwa mnyororo ikiwa imezimwa na kupoa. Petroli haitaongezwa injini ikiwa na joto. Bomba lililopakwa zinki litakwanguliwa kwanza pale linapochomelewa, kwa kuwa moshi wake huleta homa. Na kijana asiye na kinga ya uso yenye kioo cheusi hatagusa rodi. Miwani ya jua si kinga, wala watoto wasiachwe kusimama kutazama ule mwanga.

Jambo moja zaidi, kwa sababu majirani wataomba. Jenereta yetu haitachomekwa kamwe katika nyaya za nyumba iliyounganishwa na Kenya Power, ati kwa kuwa umeme umepotea usiku huo. Umeme wa jenereta hurudi kwenye nguzo, na transfoma ya mtaani huupandisha ukawa maelfu ya volti. Naye fundi aliyepanda akidhani waya umekufa, hufa yeye.

Hivyo basi, twaleta mbele ya Mkutano Mkuu shauri hili mlipigie kura. Chama kinunue inveta moja na jenereta ya petroli ya kVA 5 yenye kidhibiti cha volti. Fedha zitoke katika akiba ya maendeleo, na mfuko wa misiba usiguswe hata shilingi moja. Wazee waliotia shaka wamekubali kuwa mashahidi wa jambo hilo. Vijana watalipa kidogo kidogo kila mwezi mpaka bei itimie, na vifaa vitabaki mali ya chama hadi siku hiyo. Kwa miezi sita ya kwanza hawatapokea kazi ya rodi ya geji 10 kwa jenereta hii, hata mteja akiongeza bei.

Daftari la petroli na la saa za injini litakaa kwa Mweka Hazina, na kila mwanachama ataruhusiwa kulikagua Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kabla ya mkutano kuanza.