Curly Howard na Miaka Yake ya Mwisho Mbele ya Kamera



Mchekeshaji wa maneno akiugua, huenda bado akaketi kitini na kutuvunja mbavu. Mchekeshaji wa viungo hana pa kujificha. Riziki yake iko magotini, mabegani na kwenye pumzi. Ugonjwa ukimwingia mwilini, umeingia kwenye kazi yenyewe. Jioni hii tumtazame mmoja wao, Jerome Horwitz wa Brooklyn, New York, aliyejulikana duniani kwa jina la Curly Howard, yule mwenye kipara katika kundi la Three Stooges.

Alizaliwa mwaka 1903. Kaka yake Shemp alipojitoa kwenye kundi mwaka 1932, Curly alinyoa nywele na masharubu, akashika nafasi hiyo pamoja na kaka yao mwingine, Moe, na Larry Fine. Kuanzia 1934 walitengeneza filamu fupi za studio ya Columbia. Curly alicheza katika 97 akiwa mmoja wa watatu hao.

Kabla ya kusema alichopoteza, tuone alichokuwa nacho. Katika *A Plumbing We Will Go* ya mwaka 1940 anajifanya fundi bomba. Yuko bafuni, maji yanavuja, naye anaunga bomba kwenye bomba, kona kwa kona, hadi amejijengea kizimba na yeye mwenyewe yumo ndani. Itazameni mikono yake: inakwenda haraka kwa uhakika wa fundi wa kweli, na uso unaamini kabisa kuwa kazi inaendelea vizuri. Anapogundua kuwa amenaswa, anachelewa kidogo kushtuka. Wengi humkumbuka kwa sauti nyembamba na kule kujizungusha sakafuni kwa bega. Kwa maoni yangu, kipaji chake kilikuwa katika nusu sekunde ile ya kuchelewa.

Na ndiyo iliyoondoka kwanza. Januari 1945 alilazwa hospitalini Santa Barbara, California. Presha ilikuwa imepanda kupita kiasi, damu imevuja kwenye retina, na uzito ulikuwa umemzidi. Alipenda kula, kunywa na kukesha, hilo halifichiki. Lakini kazi nayo haikumpa nafasi ya kupumua: filamu nane kwa mwaka, na studio ilipofunga kwa mapumziko, kundi lilipanda majukwaani kutumbuiza. Viharusi vidogo vikaanza kumwandama, naye akarudishwa kazini.

Mwongozaji Edward Bernds alikutana na hali hiyo katika filamu yake ya kwanza kuiongoza, *A Bird in the Head*. Kuna onyesho la kubandika karatasi ukutani. Karatasi inatakiwa ijikunje na kumzonga Curly, naye apambane nayo. Curly wa 1940 angelimaliza kwa mkupuo mmoja, na Bernds alikuwa amelipanga hivyo hivyo. Safari hii mikono ilikuwa mizito, mshtuko ukaja umechelewa mno, na mwongozaji akalazimika kusaka pembe nyingine za kamera ili onyesho liende. Mdundo uliokuwa mwilini mwa mtu sasa ulitengenezwa na mhariri na mkasi wake. Filamu aliyoiongoza baadaye, *Micro-Phonies*, ilitoka vizuri zaidi, na studio ikaitanguliza sokoni.

Kuanzia hapo wenzake ndio waliobeba mzigo. Katika *Three Loan Wolves* ya 1946, Larry anashika sehemu kubwa kuliko kawaida. Sauti ya Curly imekuwa nzito, uso umesinyaa. Kofi la Moe, lililotuchekesha miaka yote, sasa linamwangukia ndugu mgonjwa, na mtazamaji anasita kucheka. Kisha *Three Little Pirates* ya mwaka huohuo inatushangaza: Curly amechangamka kama zamani. Ugonjwa wake haukuteremka kwa mstari mmoja, na huenda siku njema kama hizo ndizo zilizowapa watu matumaini ya kuendelea kumtumia.

Tarehe 6 Mei 1946 walikuwa wakipiga *Half-Wits Holiday*. Zamu yake ilipofika, Moe alimkuta ameketi, kichwa kimeinamia kifuani, machozi yanamtiririka, hawezi kusema. Vita vya pai za krimu vinavyofunga filamu vilichezwa bila yeye. Shemp akarudi kundini, na Curly akaonekana mara moja tu tena, kwa muda mfupi, katika *Hold That Lion!* ya 1947, amelala ndani ya treni, nywele zimeota. Alifariki Januari 1952 akiwa na miaka 48.

Wako wanaosema filamu za 1945 na 1946 ni za aibu, zisionyeshwe. Sikubaliani nao. Ni kumbukumbu ya mfanyakazi aliyefanyishwa kazi hali mwili umekwisha kukataa. Wanafunzi wa sanaa za maonyesho, nawaomba mzitazame kwa mpangilio wa tarehe zilipopigwa, si zilipotoka. Na siku mtakapokuwa waongozaji, mchekeshaji wenu akianza kuchelewa kushtuka, msimame, mpelekeni apimwe presha kabla ya kuhamisha kamera.